Funga Programu, Chagua Bandari: Uhakiki wa Istilahi za Bodi za Maikrokontrola

1. Utangulizi

Ofisi yetu iliombwa itoe maoni juu ya rasimu ya kijitabu kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya walimu wa sayansi wa shule za sekondari. Kijitabu hicho kinafundisha jambo moja tu, nalo ni namna ya kutayarisha kompyuta ili mtu aweze kuandikia programu bodi ndogo iitwayo Arduino Uno, tangu hatua ya kwanza mpaka taa iliyo juu ya bodi iwake na kuzimika. Kwa kuwa ni rasimu, mfasiri na chuo kilichomtuma hawatatajwa hapa. Nia ya makala haya si kumwaibisha mtu. Mfasiri ni mtu wa Kiswahili safi, na sentensi zake zimesimama vizuri kuliko zile zinazoletwa mezani petu kila siku.

Kwanza tulikisoma kijitabu ofisini, tukaandika masahihisho machache pambizoni. Baadaye tukaenda kukaa kwa siku mbili pamoja na walimu waliokuwa wakikitumia katika mafunzo. Huko tuliyaona makosa ambayo macho ya ofisini hayakuyaona. Maneno tuliyoyapitisha bila wasiwasi ndiyo yaliyowakwamisha walimu, na baadhi ya yale tuliyoyatilia shaka hayakumsumbua mtu.

Siku ya pili, mwalimu mmoja wa fizikia aliniambia kwa upole, "Ndugu yangu wa Baraza, msichukie. Kazi hii ingekwenda upesi kama kijitabu kingeachwa kwa Kiingereza." Wenzake waliitikia kwa vichwa. Kauli hiyo haipasi kuachwa ipite, kwani walimu hao hawakushindwa na Kiswahili, bali walishindwa na istilahi zilizotafsiri neno pasipo kutafsiri kazi ya kitu. Hiyo ndiyo hoja ya makala haya.

2. Kitu chenyewe

Wasomaji ambao hawajaishika bodi hii watasaidiwa na maelezo mafupi. Arduino ilianzishwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwenye taasisi iliyofundisha usanifu. Waanzilishi wake walitaka wanafunzi wasio wahandisi waweze kutengeneza vifaa vinavyohisi na kutenda. Moyo wa Arduino Uno ya kawaida ni chipu moja iitwayo ATmega328P. Ndani ya chipu hiyo mna kichakato chenye mapigo milioni 16 kwa sekunde, kilobaiti 32 za kumbukumbu ya kuhifadhia programu, na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Pembezoni mwa bodi kuna pini 14 za kupokea au kutoa ishara za dijitali, na nyingine 6 za kupokea ishara za analogia. Pini ya 13 imeunganishwa na taa ndogo, nayo ndiyo taa ambayo mwanafunzi hufundishwa kuiwasha kwanza.

Bodi haina kioo wala vibonye vya kuandikia. Programu huandikwa kwenye kompyuta ya kawaida, ikageuzwa kuwa amri za chipu, kisha ikapelekwa kwenye bodi kwa waya wa USB. Ili hayo yawezekane, kompyuta haina budi kutayarishwa. Programu ya kazi hiyo iwekwe, aina ya bodi ichaguliwe, njia ya mawasiliano itambuliwe, kisha mfano mfupi ujaribiwe. Kwa aliyezoea ni kazi ya robo saa. Kwa walimu wetu ilichukua asubuhi nzima.

3. "Funga programu"

Hatua ya kwanza katika kijitabu yasema: "Funga programu kwenye kompyuta yako, kisha unganisha bodi." Ofisini hatukuona kasoro. Twasema kufunga mtambo, kufunga dishi, kufunga mita ya umeme, na kila mara maana yake ni kukiweka kitu mahali pake kiwe tayari kwa kazi.

Mbele ya kompyuta neno hilo hilo lina maana nyingine. Mwenye kuzoea kompyuta akisikia "funga programu" huiondoa kwenye kioo, kama afungavyo dirisha. Walimu wawili walikuwa wamekwisha kuifungua programu ya kuwekea. Waliposoma agizo, waliifunga, wakaunganisha bodi, wakasubiri, na hapakutokea kitu. Walitii agizo neno kwa neno.

Dawa ya jambo hili imekwisha kupatikana. Neno kusakinisha, kutokana na kusakini, yaani kukaa mahali kwa kudumu, limeenea katika maandishi ya kompyuta na halina maana ya pili ya kulivuruga. Litumike hilo, na kufunga kubaki na maana ya kinyume cha kufungua. Kusimika tungeliachia machifu, nguzo na bendera.

4. "Chagua bandari"

Hatua ya nne ndiyo iliyopoteza muda mwingi zaidi. Yasema: "Chomeka waya kwenye bandari, kisha chagua bandari." Neno la Kiingereza "port" lina maana ya bandari, na kamusi yoyote itamtetea mfasiri. Lakini katika agizo hili neno hilo la Kiingereza limebeba dhana mbili. Ya kwanza ni tundu lililo ubavuni mwa kompyuta, ambalo kidole chaweza kuligusa. Ya pili ni jina ambalo kompyuta huipa njia ya mawasiliano baada ya waya kuchomekwa. Kwenye kompyuta za Windows jina hilo huanza na herufi COM na kufuatiwa na tarakimu. Kwenye zile za Linux huwa kama ttyACM0. Jina hilo haligusiki, ila huchaguliwa kwenye orodha.

Mwenye lugha ya Kiingereza amekwisha kuzizoea dhana hizi mbili ndani ya neno moja. Mwalimu wetu anapewa neno moja lisilohusu hata dhana moja kati ya hizo, kwani bandari kwake ni Tanga na Mtwara. Basi alifanya nini? Alisoma "chagua bandari", akatazama matundu matatu ya kompyuta yake, akachagua. Alipoona bodi haijibu, alichagua tundu jingine. Kwa kufanya hivyo alizidi kupotea, kwani kwa baadhi ya bodi kuhamisha waya huipa njia jina jipya, na lile lililokuwa limechaguliwa awali hutoweka kwenye orodha.

Kwa hiyo panatakiwa istilahi mbili. Kinachogusika kiitwe tundu, jina ambalo mafundi redio wanalitumia tangu zamani. Kinachochaguliwa kwenye orodha kiitwe lango, kwa maana ya mahali pa kupitishia habari. Agizo litasomeka hivi: "Chomeka waya kwenye tundu la USB, kisha chagua lango kwenye orodha." Tungemshauri mfasiri aongeze mbinu ambayo kijitabu hakikuitaja. Itazame orodha kabla ya kuchomeka waya, uitazame tena baada ya kuuchomeka. Jina lililozidi ndilo lango la bodi.

5. "Mazingira ya maendeleo"

Sasa tufikie jina la jambo lenyewe. Kijitabu kina kichwa kisemacho "Kuandaa Mazingira ya Maendeleo", tafsiri ya neno kwa neno ya jina ambalo Waingereza wameiita programu hii. Kila neno ni sahihi likiwa peke yake. Yakikutanishwa, maneno hayo mawili yanazungumzia kitu kingine kabisa. Mtumishi wa serikali akipokea barua yenye kichwa hicho ataipeleka kwa afisa misitu au afisa mipango. Maendeleo katika Kiswahili chetu ni ya nchi, ya kijiji, ya watu. Programu haiendelei kwa maana hiyo, bali huundwa. Na mazingira ni yale yanayotuzunguka, kama vile hewa, maji, miti na majirani.

Wako watakaosema kwamba maneno hupata maana mpya kwa mazoea. Ni kweli. Kikokotoo na barua pepe yalikuwa mageni, leo hayamshangazi mtu. Lakini neno jipya husaidiwa na maana ya zamani linapoielekea kazi ya kitu. "Mazingira ya maendeleo" haielekei kazi yoyote, na msomaji hana pa kuanzia.

Tuulize basi kitu hiki ni nini. Ni programu moja iliyokusanya zana kadhaa. Ipo zana ya kuandikia na kusahihishia maandishi, ipo ya kuyageuza kuwa amri za chipu, ipo ya kuzipeleka amri kwenye bodi, na ipo ya kusomea habari zinazorudishwa na bodi. Mahali palipowekwa zana zote za kazi moja, fundi akakaa hapo na kutengeneza, Kiswahili tayari kina jina lake, nalo ni karakana. Twapendekeza karakana ya programu. Tulipolijaribu neno hilo siku ya pili, mwalimu mmoja aliuliza mara moja, "Zana zake ni zipi?" Hilo ndilo swali linalotakiwa. Jina la kwanza halikumfanya mtu yeyote aulize chochote.

Mwenye kuhitaji maelezo marefu, kwa mfano katika waraka wa ununuzi, aweza kuandika "programu ya karakana ya kuundia programu nyingine". Lakini darasani karakana yatosha.

6. Mfasiri na mkalimani

Kijitabu chaendelea: "Bonyeza alama ya vema ili kompyuta ikusanye mchoro." Walimu waliuliza kompyuta inakusanya nini, na kutoka wapi. Hapa mfasiri amefuata maana ya kawaida ya "compile", ile itumikayo kwa mtu akusanyaye maneno ya kamusi. Kazi inayofanyika ni nyingine. Maandishi ambayo binadamu anaweza kuyasoma yanageuzwa kuwa amri za tarakimu zinazoeleweka na chipu. Kwa maneno mengine, yanafasiriwa.

Upo ubishi wa haki hapa. Wataalamu wa kompyuta hutofautisha njia mbili za kufasiri. Katika ya kwanza, programu nzima hugeuzwa kabla ya kutumika. Katika ya pili, amri husomwa na kutekelezwa moja baada ya moja programu ikiwa kazini. Wao wana majina mawili, je, sisi tutatumia lipi? Jibu tunalo katika taaluma yetu wenyewe, na inashangaza kwamba sisi wafasiri tumelipita. Mfasiri hupewa maandishi kamili, akayafanyia kazi mezani, akatoa maandishi kamili. Mkalimani husimama baina ya watu wawili na kugeuza maneno papo hapo. Zana ya njia ya kwanza iitwe programu fasiri, na ya pili programu kalimani, kwa mfano wa programu tumizi ambayo imekwisha kuzoeleka.

Tofauti hii yaeleza pia kwa nini bodi imetengenezwa ilivyo. Arduino Uno yenye kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kufanyia kazi haina nafasi ya kutosha kwa mkalimani wa lugha kubwa. Kwa hiyo kufasiri hufanyika kwenye kompyuta kubwa, na bodi hupelekewa tafsiri iliyokwisha kamilika. Bodi zenye nafasi zaidi, kama Raspberry Pi Pico ya mwaka 2021 yenye kilobaiti 264, zaweza kumchukua, na lugha iitwayo MicroPython hutumika humo kwa njia hiyo. Mwalimu mwenye istilahi hizi mbili aweza kulieleza jambo hilo kwa dakika moja.

7. Mengine kwa kifupi

Kupakia na kupakua. Kijitabu kinatumia yote mawili kwa tendo moja la kupeleka programu kwenye bodi. Mwalimu aliyetetea kupakua alikuwa na hoja. Chakula hupakuliwa chunguni kikawekwa sahanini, basi programu nayo hutolewa kwenye kompyuta ikawekwa kwenye bodi. Hata hivyo, kupakua limekwisha kuchukuliwa kwa habari zinazoletwa kwenye kompyuta yetu kutoka mtandaoni. Tuseme kupakia kwenye bodi, kama mizigo ipakiwavyo chomboni, na tusibadilishe.

Mchoro. Jina hili la programu ya Arduino linatokana na "sketch", lililorithiwa kutoka Processing, lugha iliyoanzishwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry kwa ajili ya wasanii. Kwa msanii jina hilo lilikuwa na maana. Lakini mwalimu wa fizikia akisikia mchoro huutafuta mchoro wa saketi, ambao kijitabu hicho hicho kinao katika ukurasa unaofuata. Tuseme programu, basi.

Dereva. Neno hili laleta mgogoro wa upatanisho wa kisarufi, kwani kijitabu chaandika "dereva hajasakinishwa" mahali pamoja na "dereva haijasakinishwa" pengine. Kinachozungumzwa ni programu iwezeshayo kompyuta kuwasiliana na kifaa. Bodi nyingine za bei nafuu hutumia chipu ya mawasiliano iitwayo CH340, ambayo kwenye baadhi ya kompyuta huhitaji programu hiyo isakinishwe pekee. Iitwe kiendeshaji, ikae katika ngeli ya ki-vi.

Kipakia buti. Hapa walimu walicheka, na haki yao. Buti katika jina la Kiingereza latokana na usemi wa mtu kujiinua kwa kuvuta vitanzi vya viatu vyake mwenyewe, usemi ambao Kiswahili hakiujui. Kitu chenyewe ni programu ya nusu kilobaiti iliyowekwa katika chipu. Bodi inapoanzishwa upya, programu hiyo hutazama kama kuna programu mpya inayoletwa, ikaipokea na kuihifadhi. Twapendekeza programu pokezi. Kila mtumishi aliyepita kwenye meza ya mapokezi ataielewa.

Kidhibiti kidogo. Kivumishi katika Kiswahili hueleza, hakiundi jina. Mwalimu akiambiwa atumie kidhibiti kidogo atauliza kilipo kikubwa. Twaona ni afadhali kukubali maikrokontrola, kwa mfano wa maikrofoni. Tusisahau funzo la kompyuta. Ngamizi na tarakilishi yaliundwa kwa juhudi, na tarakilishi linafundishwa shuleni Kenya hadi leo, lakini sokoni na ofisini kwetu kompyuta ndilo lililoshika. Kwa sababu hiyo hiyo bodi ibaki bodi. Mafundi wanaijua, na ubao una kazi yake darasani.

8. Yaliyo mema

Uhakiki usiotaja mema si wa haki. Mfasiri ameita alama inayokatisha kila amri nukta mkato, jina lake la siku zote katika sarufi. Walimu waliipata bila kuuliza, na palipokosekana nukta mkato waliiona wenyewe. Maktaba kwa mkusanyo wa programu zilizokwisha andikwa na wengine ni chaguo zuri, kwani watu huazima humo. Kitanzi kwa sehemu ya programu inayorudiwa bila kikomo kinaeleweka hata kwa mikono. Maneno yote matatu yametazama kitu kinafanya nini. Mfasiri aliyeweza hayo aweza na mengine yaliyosalia.

9. Kosa na hitilafu

Nimeacha mwisho neno moja ambalo ofisini hatukuliwekea alama. Kila kompyuta inapokataa, kijitabu husema pana "kosa". Mwalimu mmoja, mtu mzima aliyefundisha miaka mingi, alifuata kila hatua sawasawa. Lango halikutokea kwenye orodha. Alitazama kijitabu, akasoma: "Rekebisha kosa lako." Alianza upya mara tatu, kisha akasogeza kiti nyuma na kuwaachia vijana.

Baadaye iligundulika kwamba waya wake ulikuwa wa kuchajia simu tu. Nyaya za namna hiyo hupitisha umeme lakini hazina nyuzi za kupitishia habari. Taa ya umeme juu ya bodi huwaka, lakini kompyuta haioni kitu. Hapakuwa na kosa lake.

Katika Kiswahili kosa lina mwenyewe, na mwenye kosa hutakiwa kujirudi. Hitilafu hutokea kwenye kitu, na hutafutwa. Kiingereza cha kompyuta hakikuzingatia tofauti hiyo. Sisi tunayo, na ni hasara kuitupa. Nukta mkato ikikosekana, hilo ni kosa la mwandishi. Waya, tundu, lango au kiendeshaji kikikataa, hiyo ni hitilafu. Kijitabu kingesema "tafuta hitilafu", mzee yule angetazama waya kabla ya kujitazama mwenyewe.

10. Mapendekezo

Twapendekeza rasimu irekebishwe kwa istilahi zifuatazo, na zipelekwe kwenye kamati ya istilahi kwa majadiliano:

kusakinisha: kuiweka programu kwenye kompyuta iwe tayari kutumika.
karakana ya programu: programu iliyokusanya zana za kuandika, kufasiri na kupakia programu.
tundu: mahali pa kuchomekea waya.
lango: njia ya mawasiliano yenye jina, ichaguliwayo kwenye orodha.
programu fasiri: zana igeuzayo programu nzima kuwa amri za chipu kabla ya kutumika.
programu kalimani: zana itekelezayo amri moja baada ya moja programu ikiwa kazini.
kupakia: kupeleka programu kwenye bodi.
programu pokezi: programu iliyo ndani ya chipu, ipokeayo programu mpya.
kiendeshaji: programu iwezeshayo kompyuta kuwasiliana na kifaa.
kosa: dosari iliyo katika maandishi ya programu.
hitilafu: dosari iliyo katika kifaa au mawasiliano.

Tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, istilahi nyingi zimepitishwa katika vikao, na wataalamu waliozitunga wanastahili shukrani. Lakini istilahi za kazi za mikono hazina budi kujaribiwa mikononi kabla ya kuchapishwa. Siku mbili za kukaa nyuma ya walimu zilitufunza zaidi ya wiki mbili za kukaa na kamusi. Twashauri kwamba kila orodha ya istilahi za ufundi ipelekwe kwanza kwa watu wachache watakaoitumia kufanya kazi yenyewe, afisa wa istilahi akiwa kando, akiandika wanapokwama.

Walimu na wafasiri wanaotumia bodi hizi wanaombwa watuletee maneno wanayoyatumia, hata yale wanayoyaonea haya kuwa ni ya mtaani. Huenda fundi redio wa kona fulani amekwisha kuyapata majina tunayoyatafuta.